Sitasaini kazi ambayo sikuiona ikifanyika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nieleze jambo linalonikosesha usingizi tangu Jumapili ya wiki iliyopita. Siku hiyo, tulipotoka ibadani, jirani yangu alikuja kwangu hapa Tukuyu akiwa na kijana wake wa kiume. Kijana alikuwa amebeba mkungu wa ndizi za kupika begani. Anasoma uuguzi na ukunga, mwaka wa pili. Akautua mkungu barazani, tukasalimiana, nikaweka chai. Kikombe kilipofika nusu, mama akafungua mkoba akatoa kitabu cha vitendo cha mwanawe, akakifunua mezani, na kalamu akaiweka juu yake.

"Sista," akaniambia, "huyu ni mwanao. Imebaki mistari sita tu na mtihani ni mwisho wa mwezi. Msainie. Mkono wako huku unajulikana."

Nikatazama ile mistari sita. Mitatu ilikuwa ya kuzalisha, miwili ya kuweka mpira wa mkojo, mmoja wa kumsaidia kupumua mtoto aliyezaliwa bila kulia. Nikamuuliza kijana kama amewahi kuyafanya hayo popote, mbele ya muuguzi yeyote. Akainamisha kichwa. Nikakifunga kitabu nikamrudishia mama yake. Aliinuka hata chai hajaimaliza, na mpaka leo tukipishana njiani salamu yake ni ya kulazimisha.

Wasomaji wasiojua kitabu hiki wanivumilie kidogo. Kila mwanafunzi wa uuguzi anapokwenda wodini hubeba kitabu kilichoorodhesha kazi anazotakiwa kuzifanya kwa mikono yake, na kila kazi mara ngapi: kupima presha, kutandika kitanda chenye mgonjwa, kuosha kidonda, kuchoma sindano, kuweka dripu, kupima mimba, kuzalisha. Akishaifanya, muuguzi aliyesimama naye anaandika tarehe na kusaini. Kitabu kisipojaa, mtihani wa mwisho anaweza asikalie. Saini ile inasema neno moja tu: nilimwona akifanya.

Mimi ni muuguzi mkunga mstaafu. Nilianza mwaka 1983 baada ya darasa la saba, katika yale mafunzo ya miezi 18 ya wasaidizi wa afya ya mama na mtoto ambayo wazee wenzangu wanayakumbuka. Nikajiendeleza hatua kwa hatua, nikapata cheti, kisha stashahada, nikastaafu mwaka 2024 nikiwa na miaka 60. Nimefanya kazi wilaya tatu za Nyanda za Juu Kusini, zahanati, kituo cha afya na hospitali, na sehemu kubwa ya miaka hiyo nilikuwa leba. Sitataja hospitali wala chuo chochote, maana ninayoyasema hayakufanywa na mahali pamoja.

Jirani yangu anadhani nilikataa kwa roho mbaya. Naomba asome haya.

Mwaka mmoja kabla sijastaafu, usiku wa mwezi wa sita, nilikuwa zamu ya leba. Wanaoujua mwezi wa sita wa huku wanajua baridi yake. Ukitema mate unaona mvuke. Tulikuwa wauguzi wawili na wanafunzi wawili. Mwenzangu alikuwa amempeleka mama chumba cha upasuaji. Mimi nilikuwa na mama aliyejifungua muda si mrefu na damu inamtoka kuliko kawaida. Sindano ya oksitosini ya kukaza kizazi, yuniti 10, alikuwa ameshachomwa. Mkono wangu mmoja ulikuwa juu ya tumbo lake nakikanda kizazi kikaze. Kizazi kikilegea hivyo huwezi kukiacha hata kwa kwenda kuchukua pamba.

Kitanda cha pili, mama mwingine akasukuma mtoto akatoka. Aliyempokea alikuwa binti wa mwaka wa tatu. Kitabu chake nilikuwa nimekiona, kimejaa: kuzalisha 20, kila mstari na saini yake. Akabana kitovu, akakata, akamlaza mtoto mezani. Mtoto hakulia. Alikuwa amelegea, rangi ya zambarau. Na yule binti akasimama. Mikono imeinuka hewani, glavu zinadondosha maji, macho yako kwa mtoto, na hakuna anachokifanya.

Nikapaza sauti, "Mkaushe! Msugue mgongo!" Akamkausha. Mtoto kimya. "Chukua mfuko!" Mfuko wa kumpulizia mtoto hewa ulikuwa mezani palepale, umeandaliwa. Akaushika, akaweka barakoa, na barakoa ikamfunika mtoto mpaka machoni. Akabonyeza. Kifua hakikupanda. Akabonyeza tena kwa nguvu zaidi, hewa ikatokea pembeni, nikaisikia kutoka nilipo.

Katika ukunga kuna kitu tunakiita dakika ya dhahabu. Watoto wengi hulia wenyewe. Wachache huhitaji kukaushwa na kusuguliwa tu ndipo washtuke. Wachache zaidi, kama 3 hadi 6 katika kila 100, huhitaji kupuliziwa hewa, na hiyo hewa inatakiwa iwe imeanza kuingia kabla dakika ya kwanza haijaisha. Yule binti aliijua dakika hiyo. Ukimwuliza darasani angekujibu vizuri kuliko mimi.

Nilimwita mwanafunzi wa pili, wa mwaka wa kwanza, nikauchukua mkono wake nikauweka pale ulipokuwa wangu, nikamwambia, "Kanda hapa, usiache, sema 'Sista' ukiona kimelegea." Nikavua glavu, nikavaa nyingine, nikapiga hatua mbili. Kichwa cha mtoto kilikuwa kimeinamia kifuani, njia ya hewa imejikunja. Nikakirudisha nyuma kidogo tu, pua iangalie juu kama mtu anayenusa kitu. Ukikirudisha sana unaziba tena. Barakoa ikae kwenye mdomo na pua, isiguse macho. Kidole gumba na cha shahada vinaizunguka, vidole vitatu vinainua taya. Nikabonyeza taratibu. Kifua kikapanda. Nilipokiona kimepanda nilijua tumempata. Nikaendelea, pulizia, subiri, pulizia, subiri, pumzi kama 40 kwa dakika. Ilichukua muda ambao sikuutazama saa. Akakohoa, akatoa sauti nyembamba kama mbuzi mchanga, halafu akalia kweli. Tukamlaza kifuani kwa mama yake, tukamfunika kanga mbili na blanketi kwa ajili ya ile baridi. Mama wa kitanda cha kwanza naye damu ilikata. Wote wanne walitoka wazima.

Asubuhi nilimkuta yule binti kwenye sinki anaosha barakoa. Alikuwa analia bila sauti. Akaniambia, "Sista, kile kitu sijawahi kukishika kwa mtoto. Nilisainiwa tu." Nikamuuliza kuhusu zile 20. Akasema kwa mikono yake mwenyewe amezalisha mara nne. Nyingine zote alikuwa amesimama nyuma ya mabega ya wenzake watano au sita, ananyoosha shingo.

Nikamwambia alete kitabu. Nilitaka kujua ni nani anayefanya mambo ya namna hii. Nikafunua ukurasa wa kuzalisha, nikashuka mstari kwa mstari. Saini mbili zilikuwa zangu.

Mhariri, niliikalia hiyo siku nzima. Sikumbuki kumwona akifanya, na uso wake wa siku ile siukumbuki. Lakini tarehe naijua ilivyokuwa, maana siku za namna hiyo zote zinafanana: mwisho wa mwezi, saa nane mchana, nakabidhi zamu, na wanafunzi tisa wamejipanga mlangoni na vitabu vimeshafunuliwa. Kesho wanahamia wodi nyingine au wanarudi chuoni. Kalamu unapewa ikiwa tayari haina kifuniko. Unawatazama, unawaza huyu ametoka Sumbawanga, huyu baba yake kauza viazi vya Isyonje gari zima kulipa ada inayozidi milioni moja, nikimkatalia anarudia mwaka. Unasaini. Nilidhani ni huruma. Mtoto wa usiku ule wa mwezi wa sita ndiye aliyekuwa anaibeba huruma yangu.

Tangu siku hiyo mpaka nilipostaafu sikusaini tena bila kuandika pembeni namba ya faili la mgonjwa na saa ya tendo. Wanafunzi walinung'unika, na baadhi ya wauguzi wenzangu pia. Nilibaki hivyohivyo.

Sisemi kwamba zamani tulikuwa bora. Sisi wa darasa la saba tulijua kazi za mikono, lakini mengi tuliyafanya kwa kuambiwa, sababu zake tukazijua uzeeni. Vijana wa leo wanaingia na ufaulu wa kidato cha nne katika biolojia, kemia na fizikia. Wanasoma jinsi mwili ulivyojengwa na unavyofanya kazi, vijidudu, dawa, lishe, maadili, afya ya akili, afya ya jamii, ukunga. Ngazi ya nne mwaka wa kwanza, ya tano mwaka wa pili, ya sita kwa anayekwenda mpaka stashahada. Nimewasikia wakipiga hesabu za dawa kwa kasi ambayo mimi sikuwahi kuwa nayo. Mwanafunzi ukimpa mililita 500 za maji ya dripu ziingie kwa saa nne, seti ya matone 20 kwa mililita, anakwambia papo hapo: matone 42 kwa dakika. Ni sahihi. Sasa mpeleke kitandani. Mgonjwa amekunja kiwiko, matone yamekuwa 15. Mgonjwa ameamka kwenda msalani, chupa imeshuka, damu imepanda kwenye mrija. Hayo hayako kwenye hesabu. Yanajulikana kwa kusimama pale na saa mkononi, na mtu mzima wa kazi pembeni yako.

Au sindano ya jentamaisini, dawa ya kuua vijidudu, kwa mtoto mchanga. Kichupa kina miligramu 80 ndani ya mililita 2. Mtoto ana kilo 3, daktari ameandika miligramu 15. Hesabu inatoa mililita 0.375, kiasi kidogo sana, kinataka bomba la sindano la mililita moja. Nukta ikiruka nafasi moja, inakuwa 3.75. Muuguzi aliyewahi kuishika ile kazi atashtuka kabla hajafika kwa mtoto, kwa sababu atajiona anavunja kichupa cha pili. Mikono yake itamwambia kwamba vichupa viwili kwa mtoto wa kilo 3 haiwezekani. Aliyesainiwa bila kushika bomba hana kitu cha kumshtua.

Nimesikia pia wazazi wakilalamika kwamba watoto wao wakienda hospitali wanatandikishwa vitanda tu. Hapo siwaungi mkono moja kwa moja. Kutandika kitanda chenye mgonjwa asiyejigeuza ni somo kubwa. Unamgeuza ubavu, unauona mgongo wake, unaona pale juu ya mkia ngozi imeanza kuwa nyekundu, unabonyeza kwa kidole na wekundu hauondoki. Hapo kidonda kimeshaanza, na kama utamgeuza kila saa mbili utakizuia. Shuka lenye kunyanzi linachuna ngozi ya mzee kama mkeka mbovu. Mwanafunzi aliyefundishwa kutazama wakati anatandika anajifunza uuguzi. Tatizo ni yule anayeambiwa "kavitandike vile 12" na hakuna anayeongozana naye, halafu mchana anatumwa kupeleka sampuli maabara, kuchota maji, kusukuma machela, mpaka mwezi unakwisha.

Na hapa ndipo penye mzizi wa jambo. Asubuhi moja nilihesabu wanafunzi 23 katika wodi yangu ya vitanda 30. Walitoka vyuo vinne. Wauguzi wa zamu tulikuwa wawili. Mama mmoja alipimwa presha mara tano kabla ya uji, na wanafunzi watano tofauti, akaniuliza kwa woga, "Sista, mkono wangu una nini? Mbona hamniambii?" Alidhani tunamficha ugonjwa. Leba nayo, mama anayejifungua anazungukwa na watu wanane wasiomjua, anajifunika uso na kanga yake. Katika wale wanane anayeshika ni mmoja, na wote wanane wanataka mstari ujazwe.

Walimu wa vyuo walikuja, ndiyo. Alhamisi, na gari, wanapita wodi tatu, wanauliza mahudhurio, wanaondoka kabla ya chakula cha mchana. Siwalaumu wao kama watu. Wengine nimewafundisha mimi kupima mimba kwa mikono. Mwalimu mmoja mwenye wanafunzi katika hospitali nne hawezi kuwa usiku leba ya kila mahali, na watoto hawasubiri Alhamisi.

Ninaomba yafuatayo, na naomba kwa unyenyekevu lakini kwa kumaanisha. Wauguzi wenzangu mlioko kazini, Mbeya, Rungwe, Kyela, Njombe, Makete, Iringa, popote gazeti hili linapofika: msisaini. Mwanafunzi akilia mbele yako mwambie njoo zamu ya usiku tufanye wote, ukimwona amefanya, saini na uandike namba ya faili. Waganga wafawidhi nanyi mna mamlaka ya kusema wodi hii inapokea wanafunzi wanane na si 23, hata kama chuo kimeshalipa. Vyuo vilivyotuletea wanafunzi vilikuwa vikilipa hospitali kwa ajili ya mazoezi hayo. Fedha hiyo ingeweza kumlipa muuguzi mmoja awe wa kuwafundisha tu, asihesabiwe kwenye zamu, akae nao asubuhi, jioni na usiku kwa kupokezana. Baraza la Uuguzi na Ukunga, na NACTVET, baraza la taifa linalosimamia vyuo vya ufundi, wanapokagua chuo wasiishie kuona maktaba na madoli ya mazoezi. Wavishike vile vitabu, wachague mistari mitano, waende kwenye rejesta ya leba ya hospitali husika waone kama siku hiyo, saa hiyo, kulikuwa na mama aliyejifungua. Ni kazi ya asubuhi moja.

Mtihani wa leseni upo na ni mzuri kuwepo. Lakini siku ya kwanza ya kazi kijana huyu anaweza kupangiwa zahanati ambako usiku yuko peke yake na mhudumu, barabara ya utelezi, gari la wagonjwa liko mbali. Wanaojua njia za Makete wakati wa masika wananielewa.

Sisi wastaafu tupo. Hapa Tukuyu peke yake nawajua saba, Mbeya mjini ni wengi zaidi, bado wana nguvu, bado mikono inakumbuka. Wengine tunashinda tunapalilia migomba na kulea wajukuu. Hospitali ikituita tukasimame na wanafunzi asubuhi mbili kwa wiki, na usiku mmoja kwa wanaoweza, sidhani kama kuna atakayedai zaidi ya nauli na chai. Mimi nimeshaandika barua kwa mganga mfawidhi kuomba hivyo. Nasubiri jibu.

Kijana wa jirani yangu alirudi Jumatano, peke yake, mama yake hajui. Nilimfungia mdoli wa kanga, kichwa nikakitengeneza kwa soksi iliyojazwa pamba, shingo inayolegea kama ya mtoto mchanga. Tulikaa sebuleni saa mbili tukirudia jambo moja tu, namna ya kukirudisha kichwa nyuma na vidole kukaa kwenye taya. Mara ya kwanza kiganja chake kilifunika macho ya mdoli, kama barakoa ya yule binti ilivyomfunika mtoto. Kufikia jioni alikuwa anakosea mara moja katika kumi. Akaniuliza kama huo mstari mmoja naweza kuusaini sasa. Nikamwambia hapana, huyu ni soksi. Wiki ijayo nitaongozana naye hospitali, nikamwombee zamu za usiku kwa muuguzi kiongozi wa leba, ambaye alikuwa mwanafunzi wangu. Mkungu wa ndizi alirudi nao nyumbani.

Muuguzi mkunga mstaafu,
Tukuyu, Rungwe.